Kamba ya Garari ya Simaldhar

Mzee Padam Ram aliikataa chai, kisha akaipokea, kisha akaiweka sakafuni bila kuionja.

“Mbuzi wangu wanapewa majani na nani?” aliuliza.

“Tuache mbuzi,” alisema Inspekta Damyanti Rautela. “Kamba iko wapi?”

“Mimi sikuichukua.”

“Nani kaichukua?”

“Haikuibwa, afande.”

“Sijakuuliza kama imeibwa. Nimeuliza nani kaichukua.”

Mzee akatazama kikombe. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama kwato, maana tangu ujana alikuwa na kazi moja tu, kuvuta garari ya Simaldhar. Kijiji kiko ng'ambo ya mto Kalgad, barabara iko huku, na katikati kuna waya mnene uliofungwa kwenye nguzo mbili. Kwenye waya kinaning'inia kikapu cha chuma chenye magurudumu, na hicho ndicho garari. Kina kamba mbili, moja ya kukivutia barabarani, nyingine ya kukivutia kijijini. Anayekwenda kijijini hukivuta kwake, huingia, hujiachia, na uzito wake humpeleka mpaka katikati pale waya ulipolegea. Hapo hupiga mluzi. Padam humvuta mpaka nyumbani.

Gambhir Singh, mpishi wa hoteli Delhi, ambaye kijiji hakikumwona kwa miaka tisa, alijiachia hivyohivyo jioni ya sherehe, kijiji kilipokuwa kikishangilia daraja kililoahidiwa. Upande wa kijiji hapakuwa na kamba. Wachimba mchanga ndio waliouona mwili, chini kule mto unakopinda.

“Watu walikusikia,” Inspekta aliendelea. “Ulisema daraja lao litakula mkate wako, bora uchukue kamba ujitundike.”

“Nilisema. Nikiwa na njaa husema mengi.”

“Kisha ukabeba blanketi ukapanda mlima kwenda kwa dada yako. Jioni hiyohiyo. Asiye na hatia hukimbia?”

“Sikukimbia. Niliambiwa kazi imekwisha, niondoke.”

“Uliambiwa na nani?”

Padam akakizungusha kikombe pale sakafuni.

“Mzee wangu, mama wa marehemu anakaa pale nje kila siku. Anataka unyongwe. Unanielewa? Unyongwe.”

“Ana haki ya kutaka kitu,” alisema Padam. “Msimwongezee.”

“Tumwongezee nini?”

Mzee akaokota kikombe, akainywa chai yote kwa mkupuo, akajifuta mdomo, akamrudishia Inspekta kikombe kitupu.

Nje, kwenye ngazi ya kituo, Bachuli Devi alikuwa ameketi na shali yake ya kahawia, miguu imefunikwa, kama mtu anayengoja gari ambalo halina saa.

“Kakiri?”

“Bado, mama.”

“Mpigeni.”

“Sisi hatupigi wazee.”

“Tangu lini?” aliuliza, na Konstebo Pundir akageuka akajifanya anatafuta funguo.

Inspekta akaketi ngazi ya chini yake. “Niambie tena ile siku ya bungeni.”

“Nimeshasema.”

“Sema tena. Mimi mgumu wa kuelewa.”

Bachuli akavuta shali. “Miaka yote nilikuwa nikipeleka maombi. Mwaka huu mheshimiwa wetu akanipa kibali cha kuingia, nikapanda kule juu wanakokaa wageni. Wakataja madaraja ya vijijini. Wakataja Simaldhar, kwa masikio yangu. Chini wakaitikia ndiyo. Nikatoka mbio. Nilimpigia mwanangu simu palepale kwenye ngazi. Gambhir alikuwa akiniambia, Ija, mama yangu, siku mkipata daraja nitarudi, nimechoka kuingia kwetu ndani ya kikapu kama kilo za viazi. Nikamwambia, mwanangu, limekubaliwa. Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Alikuwa analia.”

“Akasema anakuja lini?”

“Hakusema. Alisema, loweka soya nyeusi, nitaila huko. Nikadhani utani.” Akatazama barabara. “Nililoweka lakini. Kila usiku nililoweka, asubuhi nakula mwenyewe.”

“Alipofika mtoni wewe ulikuwa wapi?”

“Hekaluni. Kijiji kizima kilikuwa hekaluni. Isipokuwa huyo mliyemficha humo ndani.”

Mwenye mwanawe mbali anajua jinsi sikio linavyokaa wazi hata likiwa limelala. Huyu mama lake lilifungwa jioni moja tu kwa miaka tisa, na ndiyo hiyo jioni aliyoitwa.

*

Mkutano wa bajeti ulikuwa umekwisha. Katika mji mkuu wa kiangazi wafanyakazi walikuwa wakikunja mazulia ya bunge la jimbo na kuyabeba begani kama magogo. Bwana Uniyal, ofisa wa meza ya spika, alimpokea Inspekta kwa furaha ya mtu ambaye hakuna anayemtembelea.

“Mwaka huu tumefanya mambo,” alisema. “Vipaumbele vitatu. Madaraja ya vijijini. Maji kwenye miteremko. Na kuwarudisha vijana waliohama, waje walime. Waziri wa fedha alipofika pale pa vijana alitoa shairi, watu wakafuta macho.”

“Na sheria?”

“Sheria mpya? Ya moto wa misitu. Ya mashamba yaliyoachwa. Na Sheria ya Vivuko.”

“Hiyo ya vivuko.”

Uniyal akakuna shingo. “Inapiga marufuku garari za kuvutwa kwa mkono. Watu wanakatika vidole, wanaanguka. Atakayeendesha, faini au jela.”

“Imeanza kazi?”

“Imepitishwa.”

“Bwana Uniyal, nimeuliza kama imeanza kazi.”

“Ah. Hapana. Gavana atie sahihi. Kisha itangazwe kwenye gazeti la serikali. Kisha serikali itaje siku ya kuanza. Afande, humu ndani kuna sheria ambazo waliozipitisha wamekufa, wamechomwa, na majivu yao yamefika baharini, na siku haijatajwa.”

“Kwa hiyo jioni ya sherehe garari ya Simaldhar ilikuwa halali?”

“Halali kabisa. Hata leo halali.”

“Na daraja lao?”

“Limo kwenye bajeti.”

“Kwa kiasi gani?”

Ofisa akainuka akafunga mlango, ingawa korido ilikuwa tupu. “Rupia elfu moja.”

Konstebo Pundir, aliyekuwa amesimama dirishani, akageuka. “Elfu moja inajenga daraja?”

“Haijengi banda la kuku, kaka. Ni ishara. Unaweka kidogo ili jina la kazi liingie kwenye bajeti, lishike nafasi. Fedha yenyewe itatafutwa mbele ya safari. Wapimaji waende, idara ya misitu itoe kibali, zabuni itangazwe…”

“Miaka mingapi?”

“Tuombe uzima.”

“Na hayo yalisemwa bungeni?”

“Yaseme nani? Siku ya mwisho saa ikifika, mafungu yote yaliyobaki hupitishwa pamoja bila mjadala. Spika anasoma. Wanaoafiki? Ndiyoo. Wasioafiki? Sauti mbili tatu nyuma. Walioafiki wameshinda, fungu linalofuata. Ni muda wa kumenya chungwa.”

Inspekta akatoa picha ya Bachuli Devi. Uniyal hakuhitaji kuishika.

“Huyu namkumbuka. Alinikamata kwenye ngazi. Ndugu yangu, wamesema ndiyo? Nikamwambia wamesema ndiyo. Wote? Nikamwambia wengi. Akainama akanigusa miguu kwa shukrani.” Akapangapanga kalamu mezani. “Ningemweleza, lakini ulikuwa wakati wa chakula.”

Kijana mmoja, Trilok, walimkuta chini, mgahawani, na sambusa mbili na simu tatu. Kazi yake ilikuwa kumbebea mheshimiwa maneno mpaka vijijini. Binamu yake alikuwa mkandarasi wa madaraja, na kwa sababu hiyo Inspekta alikuwa amemwandika wa kwanza kwenye orodha yake kabla hata ya Padam. Kikapu kikiua mtu, daraja hujengwa haraka. Mtu ameshauawa kwa faida ndogo kuliko hiyo.

“Dada Inspekta! Kaa. Sambusa?”

“Ulikwenda Simaldhar siku ya sherehe.”

“Niligawa ladu. Kugawa vitu vitamu ni kosa siku hizi?”

“Ulisema nini?”

“Ninachosema kila mahali. Kwamba kilio chao kimesikika. Kwamba garari sasa ni historia.”

“Ulisema ni marufuku?”

“Nilisema ukikutwa unavuta, jela.” Akacheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. “Si ndivyo sheria inavyosema?”

“Ulisema inaanza lini?”

“Dada, kwenye sherehe nani anasema inaanza lini? Ni kama harusini umwulize bwana arusi habari za uzee.”

“Binamu yako anataka lile daraja.”

“Binamu yangu yuko hospitali tangu mwezi uliopita, ana mawe kwenye figo, nenda kamwone, atafurahi. Na mimi niliondoka mchana. Mzee Padam ndiye aliyenivusha, na nilipofika huku nikamwona anakirudisha kikapu kwao kwa kamba yake. Kamba ilikuwepo. Kikapu hulala upande wa kijiji, ndiyo desturi yao.”

“Wanawake walikuwa wakifanya nini ulipoondoka?”

“Wanachuma maua. Wanapika halua. Mmoja aliniomba kile kitambaa nilichofunikia sinia, chekundu chenye utepe wa dhahabu. Nikampa. Kitambaa tu!”

“Mmoja gani?”

“Aah, akina mama wote wamevaa shali, ntajuaje?”

Walipofika kwenye gari Pundir alisema, “Huyu anadanganya, afande.”

“Anadanganya kila siku. Leo amesema kweli, ndiyo maana anatokwa jasho.”

*

Kwa kuwa garari haikuwa na kamba ya upande wa kijiji, walipita njia ya juu, penye magogo yaliyolazwa mtoni, mwendo wa nusu siku kwa mtu mwenye mapafu. Bachuli Devi alitangulia bila kuombwa. Pundir alipumzika kila penye jiwe.

Nguzo ya garari ilikuwa chini ya kijiji. Waokoaji walikuwa wamekivuta kikapu kwa ndoana kutoka katikati ya mto na kukifunga pale kwa mnyororo. Inspekta alianza na pete ya chuma ya kikapu, upande wa kijiji, pale kamba ya Padam ilipofungwa tangu enzi. Akaisugua kwa kidole. Hapakuwa na nyuzi, wala alama ya kisu.

“Kamba ikikatwa huacha kishungi kwenye pete,” alisema. “Hii ilifunguliwa. Fundo la miaka, limekazwa na maji na mizigo. Unadhani lilifunguka kwa dakika?”

“Mtu mwenye haraka angekata,” alisema Pundir.

“Mtu mwenye haraka, au mwenye hofu ya kuonekana. Huyu alikuwa na muda, hata hofu hakuwa nayo.”

Akainama. Kwenye mbao za kushukia abiria, ndani ya nyufa, kulikuwa na punje za mchele, vumbi jekundu la ibada na petali za maua ya manjano yaliyokauka.

“Muuaji mcha Mungu,” Pundir alinong'ona.

Inspekta hakujibu. Alikuwa ameiona kamba ya pili, ile ya upande wa barabara. Ilikuwa imekaa ndani ya kikapu jinsi waokoaji walivyoikuta, imefungwa vizuri, nzima, mwisho wake uko kwenye nguzo ya ng'ambo.

“Gambhir alipokwama katikati,” alisema polepole, “angeweza kuishika hii akajivuta mpaka barabarani. Ilikuwa miguuni pake. Daktari alisema viganja vimechanwa na nini?”

“Na waya.”

“Waya. Hakuna alama ya kamba. Alitoka kwenye kikapu akashika waya akaja huku kwa mikono.” Akatazama maji, kisha nyumba za juu. “Hata kurudi nyuma hakujaribu.”

Bachuli Devi alikuwa amesimama mbali kidogo. Hakusogea.

Nyumba iliyo karibu na nguzo ilikuwa ya bibi Hiruli, ambaye miguu yake ilikwisha kazi miaka mingi. Alikuwa kitandani karibu na dirisha, na alifurahi kupata wageni hata kama ni polisi.

“Wewe ndiye mpelelezi? Mwembamba hivyo! Kwenu hawapiki?”

“Wanapika, bibi, sina muda wa kula. Jioni ile ulikuwa hapa?”

“Ningekuwa wapi, dansini? Wote walikwenda kwa mungu na ngoma zao. Nikasikia mluzi. Mluzi wa garari naujua. Nikasema, enyi, mvuteni mtu! Ukalia tena. Nikapiga kelele mpaka koo likakauka.” Akapapasa ukuta. “Nilikuwa naziambia kuta, mwanangu.”

“Ulimwona aliyefungua kamba?”

Bibi akamtazama Inspekta, kisha akatazama mlangoni, pale kivuli cha Bachuli kilipolala kizingitini.

“Macho yangu hayaoni mbali,” alisema mwanamke yule ambaye punde tu alikuwa ameuona wembamba wa mgeni toka ng'ambo ya chumba.

Inspekta akafunga daftari lake. Sasa alijua kwamba kijiji kizima kinajua.

“Bibi, swali moja la mwisho. Mtu wa hapa akipata alichokuwa akikiomba, humpelekea mungu nini?”

“Kengele.”

“Na asiye na kengele?”

“Hupeleka shida yenyewe. Aliyepona mguu hupeleka gongo. Aliyepata maji hupeleka ule mtungi aliokuwa akihangaika nao. Unasema, hii hapa, imekwisha, sitaihitaji…” Bibi akakatiza maneno, akajifunika shuka mpaka kidevuni, akageukia ukuta.

*

Hekalu lilikuwa juu ya kijiji, ndani ya ukuta wa mawe, chini ya mierezi. Kengele zilining'inia kila mahali, kubwa na ndogo, za shaba na za bati, na upepo ulipopita zilisema zote pamoja. Mbele ya mlango wa ndani wanawake saba au wanane walikuwa wamesimama bega kwa bega, kama watu waliokutana hapo kwa bahati.

“Hapa huingii na viatu, dada,” alisema mmoja, mnene, mwenye hereni kubwa ya pua.

“Nimeshavua.”

“Na mkanda wa ngozi.”

Inspekta akaufungua mkanda, akampa Pundir.

“Na huyo dume abaki nje, anatoa jasho.”

“Abaki. Kuna jingine? Nivue na cheo?”

Mmoja akacheka bila kutaka, na ukuta wao ukapata ufa. Inspekta akapita hapo.

Ilikuwa kwenye boriti, kati ya magongo mawili makuukuu na mtungi uliopasuka. Kamba nene nyeusi, iliyokunjwa duara kwa duara kwa mikono yenye upendo, imefungwa kitambaa chekundu chenye utepe wa dhahabu.

Inspekta akatoka mpaka uani.

“Mzee Padam huwa anaingia humu?”

“Watu wa tabaka lake hupiga kengele wakiwa nje ya ukuta,” alisema mwenye hereni. “Ndiyo mila. Sikuitunga mimi.”

“Basi hakuiweka yeye.”

“Hatujui nani kaiweka.”

“Haya. Naihitaji kamba hii. Pundir, ngazi.”

“Hapana!” Walisema wote. Mwenye hereni akanyoosha mikono. “Cha mungu hakishushwi hivihivi. Utatuletea maafa. Aliyeifunga ndiye anayeweza kuifungua, akiomba radhi. Mwingine hagusi.”

“Ndiyo mila?”

“Ndiyo mila.”

“Vizuri,” alisema Inspekta. “Basi na aje aliyeifunga. Nangoja.”

Akaketi juu ya jiwe. Kengele zikalia, zikatulia. Wanawake walitazama chini, wakatazama mierezi, wakatazama mikono yao. Lakini jicho ni mtoto, ukilikataza huenda palepale. Moja baada ya jingine yalikwenda langoni, alikokuwa amesimama Bachuli Devi.

Mama yule akavua makubazi. Akapita katikati yao, na mwenye hereni akamshika mkono. “Dada, si lazima. Waache wamchukue Padam, hana mke wala mtoto—”

“Ana mbuzi,” alisema Bachuli, akajitoa mkononi mwake.

Akaingia ndani. Walimsikia akinong'ona kwa muda mrefu. Alipotoka, kamba ilikuwa begani mwake, nayo ilikuwa nzito, ikampindisha.

“Nilipiga goti kwenye zile mbao,” alimwambia Inspekta, “nikakitia kikapu rangi nyekundu na mchele kama bibi arusi, nikafungua fundo. Lilinisumbua mpaka kucha ikang'oka. Padam alinikataza. Alisema, dada, ngoja uvuke kwanza kwa daraja, ndipo uitupe kamba. Nikamwambia, wewe unalilia mshahara wako. Nikamfukuza. Yule kijana wa ladu alishasema atakayevuta atafungwa, na mimi nilikuwa nimeyasikia ya bunge kwa masikio yangu. Nani angenidanganya?”

“Hakuna aliyekudanganya, mama. Hawakumalizia tu.”

“Umalizie wewe.”

Inspekta alisimama. “Ile sheria haijaanza. Haikuwa imeanza jioni ile, na sijui itaanza lini. Na daraja halina pesa. Lina jina tu kwenye bajeti.”

Bachuli alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa bei.

“Siku zote hizi ulikuwa unajua kamba iko wapi,” alisema Inspekta. “Ulinikalia kwenye ngazi ukidai mtu anyongwe.”

“Kama ni Padam, basi mwanangu aliuawa na mtu. Nina wa kumchukia, nina pa kwenda asubuhi. Kama si Padam…” Akaipandisha kamba begani. “Kwa nini hakurudi barabarani? Umesema kamba nyingine ilikuwepo.”

Wanawake wote walimtazama Inspekta. Pundir, nje ya ukuta, aliacha kutafuna.

“Kwa sababu nyumba ilikuwa upande huu,” alisema Inspekta.

Wenzangu mlio na watoto ng'ambo, mkiambiwa jambo limepita kule juu, furahini, pigeni ngoma. Lakini mbachao msiutupe. Msala wa wakubwa hupita karibu sana na mlango, mtu akadhani umeshatandikwa kwake.

*

Waliteremka mtoni jua likiwa bado kwenye mteremko wa ng'ambo. Inspekta alimwambia Pundir afungue mnyororo.

“Afande, hiyo kamba ni kizibiti.”

“Nimeshaiona na nimeshaiandika. Watu wana mizigo, wana wajawazito. Itabaki hapa.”

“Na ripoti?”

“Ajali. Na mzee Padam anatoka leo.”

Bachuli Devi aliifunga kamba kwenye pete mwenyewe. Hakuruhusu mtu amsaidie. Alikaza, akajaribu kwa uzito wake, akafungua, akakaza upya. Inspekta na Pundir wakaingia, wakajikunja kama viazi, magoti kwa magoti. Kikapu kikateleza mpaka katikati ya mto. Pale Pundir alifumba macho. Inspekta alitazama juu, aone kinachoonekana kutoka mahali pale: mapaa ya mawe, moshi wa majiko, na mlango mmoja wenye sufuria kwenye kizingiti. Vilikuwa karibu sana. Mtu angeweza kudhani mkono utafika.

Wakajivuta kwa kamba ya barabara mpaka wakafika. Pundir alibusu ardhi, kisha akajifanya amejikwaa.

Inspekta hakuingia garini. Ng'ambo, Bachuli Devi alikuwa ameshaikamata kamba yake. Desturi ni desturi, kikapu lazima kilale upande wa kijiji, na mvutaji alikuwa bado kwenye mahabusu. Akaanza kukirudisha. Alikuwa mdogo pale chini ya nguzo, shali imemwanguka, na akina mama walipojaribu kushika mkia wa kamba aliwafukuza kwa kiwiko.

Ndani ya kikapu hamkuwa na mtu. Hata hivyo alikivuta polepole, kidogo kidogo, akisimama kila kilipoyumba, kama anayechelea kumwamsha aliyelala.